Hita mpya, maji baridi: kisa cha jakuzi lililogoma kupasha

Jakuzi lenyewe ni la kawaida: lita 1,200 za maji, umeme wa volti 230 wenye swichi yake ya ukutani, hita ya kilowati 3, pampu moja ya kasi mbili, na swichi ya presha iliyofungwa kwenye bomba la hita. Mwenye jakuzi alimwaga maji ya zamani, akasugua beseni, akaosha filta, kisha akajaza maji mapya kwa mpira. Alipowasha, taa zikawaka, pampu ikanguruma, paneli ikasoma nyuzi 24. Joto aliloweka lilikuwa nyuzi 38. Kesho yake paneli ilikuwa bado inasoma 24, taa ya hita haikuwa imewaka hata mara moja, na kila baada ya muda mfupi zilitokea herufi FLO.

Akaamua kwamba hita imekufa. Akanunua mpya, bomba pamoja na elementi yake (koili inayopasha maji), akaifunga kwa mkono wake. FLO ikabaki palepale.

Mpaka kazi inakwisha, jakuzi hili lilikutwa na hitilafu tatu. Siku ya kwanza ilikuwapo moja tu. Mbili nyingine zilizaliwa na ile kazi ya kubadilisha hita, na ndiyo maana dalili zilikuwa zinabadilika badilika kiasi cha kumchanganya hata fundi mzoefu.

Hita husubiri ruhusa

Katika jakuzi, hita ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Kwanza bodi ya saketi husoma sensa ya joto ione kama maji yako chini ya kiwango kilichowekwa. Kisha hutazama kama hali iliyochaguliwa inaruhusu kupasha saa hiyo. Huwasha pampu, husubiri swichi ya presha iseme kwamba maji yanapita, na huhakikisha kinga ya joto kali haijakata. Yote yakikubali, ndipo bodi inafunga rilei, swichi ya umeme inayoendeshwa na bodi yenyewe, na umeme unapita kwenye vipande vya shaba hadi kwenye elementi. Kiungo kimoja kikikataa, hita haiwaki, hata kama elementi ni nzima kabisa.

Hapa paneli ilikuwa imeshasema. FLO maana yake bodi haioni maji yakipita. Elementi iliyokatika haiwezi kuleta ujumbe huo: bodi nyingi hazina namna ya kujua kama elementi ni nzima. Elementi mbovu huonekana kwa njia mbili. Ama taa ya hita inawaka na maji hayapati joto, ama umeme unavuja kwenye maji na RCD, swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, inaruka. Katika jakuzi hili halikuwapo hata moja kati ya hayo, kwa hiyo hela ya hita ilitoka kabla ya ushahidi.

Herufi hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Mtiririko hafifu unaweza kuandikwa FLO, FL, HFL au LF. Kundi la "dr" au "dry" linahusu hita isiyo na maji ya kutosha ndani, kundi la OH linahusu joto lililozidi, na Sn ni mambo ya sensa. Kitabu cha bodi husika ndicho cha kuaminiwa, na mara nyingi kuna karatasi imebandikwa nyuma ya mfuniko wa boksi la bodi.

Mipangilio ilimalizwa kwa dakika mbili. Zipo hali za kubana umeme zinazoruhusu hita wakati wa mzunguko wa kuchuja peke yake, na zipo bodi zilizopangwa kwa umeme mdogo ambazo huzima hita pampu ikienda kasi ya juu. Pia baada ya kuwasha umeme, bodi nyingi hukaa dakika nne au tano zikitoa nafasi ya pampu kujaa maji, na muda huo hita hairuhusiwi. Hakuna hata kimoja kilichohusika hapa.

Kutafuta mtiririko

Jaribio la kwanza ni kutoa filta na kuendesha pampu bila hiyo, mtu yeyote asiwe ndani ya maji na mkono usikaribie tundu la kunyonya. Filta iliyooshwa kwa mpira inaweza kuonekana nyeupe na bado imeziba, maana mafuta ya mwili na krimu za ngozi hukaa ndani ya nyuzi zake na hayatoki bila kulowekwa usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia filta. Ikiwa FLO inatoweka filta ikiwa nje, mchawi amepatikana. Hapa haikutoweka. Kimo cha maji nacho kilikuwa sawa, juu ya mdomo wa filta.

Kilichofuata ni kusikiliza. Pampu iliyojaa maji hutoa mlio mzito, wa kutulia, na jeti husukuma bila kukatika. Hii ililia kwa sauti nyembamba, na jeti zilikohoa mapovu, zikatulia, zikakohoa tena. Kama ingekuwa inaunguruma bila kuzunguka, tungefikiria kapasita iliyokufa au impela, gurudumu la mapanga ndani ya pampu, iliyokwama kwa uchafu. Lakini ilikuwa inazunguka vizuri, ila ndani ya hewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hitilafu ya siku ya kwanza. Pampu za aina hii haziwezi kusukuma hewa: impela ikizunguka ndani ya hewa haivuti chochote. Ukijaza jakuzi kwa kumwaga maji katikati ya beseni, maji hupanda kwenye mabomba kutoka chini na kuifungia hewa ndani ya bomba la kunyonya na kichwa cha pampu. Dawa ni kuweka mpira ndani ya tundu la filta tangu mwanzo, filta ikiwa imetolewa, ili maji yashuke kwenye bomba la kunyonya na kuisukuma hewa mbele.

Hewa ikishakwama, hutolewa hivi. Zima swichi ya ukutani, si paneli tu. Weka kitambaa chini ya pampu. Legeza yunioni, kiungo cha bomba chenye nati kubwa ya plastiki, ya upande wa kutoa maji, robo mzunguko, mpaka nusu kwa wingi, usiifungue kabisa. Utasikia hewa ikitoka kama pumzi, kisha matone, kisha maji yasiyo na mapovu. Hapo kaza kwa mkono. Spana kubwa haina kazi hapa, kwani nyuzi za kukazia za plastiki hupasuka kimya kimya na kuvuja wiki mbili baadaye, na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ikitoka kwenye mfereji wake hakuna kukaza kutakakozuia uvujaji. Baadhi ya pampu zina skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya kichwa, na hiyo ni rahisi zaidi. Baada ya hapo pampu iendeshwe sekunde kumi, izimwe, iendeshwe tena, mara kadhaa. Usiiache ikizunguka kavu kwa dakika nyingi, kwa sababu sili ya shafti yake hupozwa na maji yaleyale inayoyasukuma.

Jeti zikapata nguvu. Lakini FLO haikuisha, ilibadilika tabia. Sasa taa ya hita iliwaka, ikakaa dakika kumi hivi, halafu FLO ikarudi. Mabadiliko haya yana maana kubwa. Ujumbe unaotokea papo hapo unaashiria maji hayapiti kabisa au swichi imekufa. Ujumbe unaokawia na kurudi rudi unaashiria mtiririko ulio ukingoni: unatosha kwa kubahatisha, hautoshi kwa uhakika.

Swichi ya presha na kishawishi chake

Hapa ndipo wengi huharibu. Swichi ya presha ni kidude kidogo chenye waya mbili, kinachofunga saketi presha ikifika kiwango kidogo sana, mara nyingi kati ya psi 1 na 2. Kipimo chake ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa, chomoa waya zote mbili, zifunge kwa utepe, weka multimita kwenye swichi, kisha rudisha umeme. Pampu ikiwa imelala, swichi iwe wazi. Pampu ikienda, ifunge. Swichi iliyofunga wakati pampu imelala nayo ni mbovu, na bodi nyingi hutoa ujumbe wa kosa kwa hali hiyo pia.

Swichi hii ilifunga imara pampu ilipokwenda kasi ya juu. Kasi ya chini, ambayo ndiyo hutumika kupashia, ilisitasita. Kwa hiyo swichi ilikuwa inasema kweli: presha haitoshi. Ina skrubu ndogo ya kurekebishia, na kishawishi cha kuizungusha mpaka FLO inyamaze ni kikubwa. Ukifanya hivyo umemfundisha mlinzi kusema uongo.

Kuunganisha waya zake mbili moja kwa moja ni kubaya zaidi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tuseme bomba la hita linabeba nusu lita ya maji. Kilowati 3 zikiingia kwenye nusu lita iliyosimama, joto hupanda takriban nyuzi 1.4 kwa kila sekunde. Kutoka nyuzi 24 mpaka kuchemka ni chini ya dakika moja. Kinga ya joto kali ipo kwa ajili ya hali hiyo, lakini ikichelewa au ikiwa mbovu, bomba huungua na yunioni za plastiki hulainika.

Kama swichi haizibwi na uchafu na pampu haina hewa, kilichobaki ni njia yenyewe ya maji. Jakuzi nyingi zina geti valvu mbili, yaani vali za kuvuta zenye bamba linalokata maji, moja kabla ya pampu na nyingine baada ya hita, ili pampu au hita itolewe bila kumwaga maji yote. Zilifungwa wakati wa kubadilisha hita. Ya baada ya hita ilifunguliwa mpaka mwisho. Ya kabla ya pampu ilivutwa nusu tu, pengine mpini ulikuwa mgumu, na klipu ya kuzuia mpini usishuke haikurudishwa. Bamba lake lilikuwa limekata nusu ya bomba la kunyonya. Ilipovutwa mpaka juu na kuwekewa klipu, swichi ya presha ilitulia na FLO haikuonekana tena.

Lau ingekuwa valvu ile ya pili ndiyo imebanwa, kisa kingegeuka. Valvu iliyobanwa baada ya hita hupandisha presha ndani ya bomba la hita, swichi hufunga kwa furaha, hita huwaka, na maji machache yanayopita hutoka yakiwa moto mno. Ujumbe ungekuwa wa kundi la OH, na fundi angeanza kubadilisha sensa. Presha na mtiririko ni vitu viwili, na swichi hii hupima kimoja tu. Mifumo inayotumia sensa mbili, moja kila mwisho wa bomba la hita, hulinganisha joto la kuingia na la kutoka, kwa hiyo hukamata kosa la namna hii.

Taa imewaka, maji hayapati joto

Sasa taa ya hita inawaka bila kuzima. Mwenye jakuzi angekuwa na haki ya kufunga mfuniko na kwenda kulala. Lakini taa ile inaonyesha amri ya bodi tu. Haijui kama amri imefika.

Kabla ya kupima umeme, pima kwa saa. Kupandisha lita 1,200 kwa nyuzi moja kunahitaji karibu kilowati-saa 1.4. Hita ya kilowati 3 basi inapaswa kupandisha nyuzi 2 na kidogo kwa saa, mfuniko ukiwa umefungwa. Saa moja ilipita na kipimajoto kilichozamishwa ndani ya maji kilisoma 24, sawa na paneli. Hita haikuwa ikifanya kazi, na kwa kuwa vipimo viwili vilikubaliana, sensa ilikuwa haina lawama.

Kuanzia hapa ni kazi ya fundi umeme mwenye vifaa. Maji, miguu iliyolowa na volti 230 havisamehi.

Klampu mita, kifaa cha kupima ampea kwa kuuzunguka waya, ilizungushiwa waya mmoja wa hita, mmoja tu, kwani ukizizungushia zote mbili usomaji hujifuta. Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Ilisoma sifuri. Umeme ukazimwa, vipande vya shaba vikafunguliwa kutoka kwenye elementi ili bodi isiingilie kipimo, na upinzani ukapimwa. Hesabu ni volti kujizidisha zenyewe, kugawanya kwa wati: 230 mara 230, gawanya kwa 3,000, unapata omu 17.6. Hita mpya ilisoma 17.7. Ile ya zamani, iliyokuwa imetupwa pembeni ya kabati, ilisoma 17.8. Ilikuwa nzima muda wote.

Kati ya elementi na ganda lake, kipima-insulasheni cha volti 500 kilisoma mbali juu ya megaomu 1. Multimita ya kawaida haitoshi kwa kipimo hiki: betri yake ni ndogo, na elementi yenye ufa mwembamba ulioanza kuingiza unyevu hupita mtihani wake halafu inaangusha RCD ikipewa umeme kamili.

Vipande vikarudishwa kama vilivyokutwa, umeme ukawashwa, hita ikaitwa, yaani bodi ikaamriwa kupasha, na volti zikapimwa mahali pawili. Kwenye bodi, kati ya ncha mbili zinazolisha hita: 228. Kwenye nguzo za elementi zenyewe, zile ncha zake zenye nati za kufungia shaba: 0.

Vipimo hivi viwili vinatenga karibu kila kitu. Volti zikikosekana kwenye bodi, tatizo ni rilei, fyuzi au bodi yenyewe. Zikiwepo kwenye bodi na kwenye nguzo lakini ampea ni sifuri, elementi imekatika. Zikiwepo kwenye bodi na kukosekana kwenye nguzo, zimepotelea njiani, na njia ni sentimita chache za shaba na nati mbili. Tahadhari moja: sifuri kati ya nguzo mbili haina maana kwamba hapana umeme. Kiungo cha upande mmoja kikiwa kimeachana, nguzo zote mbili zinaweza kuwa na volti 230 dhidi ya ardhi, na anayezigusa ndiye atakayekamilisha saketi.

Nati ya upande mmoja ilizunguka kwa kidole. Shaba chini yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau na nyeusi, na plastiki ya karibu ilinuka kuungua. Nati isiyokazwa huacha mguso mdogo wenye upinzani. Nusu omu tu ya upinzani, ikipitiwa na ampea 13, hutoa karibu wati 85 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Katika zile dakika kumi kumi za hita kuwaka na kuzimwa na FLO, mguso uliungua, ukafanya kutu nyeusi, mwishowe ukaachana kabisa.

Kukaza ipasavyo kuna namna yake. Nguzo ya elementi hutoka kupitia kihami, na ukizungusha nati ya nje bila kushika ya ndani, nguzo nzima huzunguka: ama inavunja kiungo ndani, ama inaanza kuvuja maji. Kwa hiyo tumia spana mbili, moja ishike nati ya ndani, nyingine ikaze ya nje, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Kipande cha shaba kilichobadilika rangi hakirudishwi. Kilibadilishwa pamoja na nati na washa yake. Nguzo ilipigwa msasa laini mpaka ikang'aa. Ncha ya bodi ilichunguzwa kwa tochi, na bahati nzuri ilikuwa safi. Ingekuwa imevimba au kuwa nyeusi kama mkaa, ingebidi bodi ibadilishwe, na gharama ya hita isiyohitajika ingekuwa imezaa ya pili kubwa kuliko yenyewe.

Klampu mita ikasoma ampea 12.8 kwa volti 226, ambayo ni karibu wati 2,900. Maji yakapanda takriban nyuzi 2 kwa saa, na yakafika 38 baada ya saa saba hivi.

Dalili za jirani

Kama badala ya FLO jakuzi lingekuwa linaangusha RCD kila hita inapoitwa, njia ingekuwa fupi: tenga hita kwenye bodi, washa, na RCD isiporuka, elementi inavuja. Kama paneli ingeonyesha joto lisilolingana na kipimajoto, sensa ingechomolewa na kupimwa. Sensa nyingi ni za kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, na hushuka hadi karibu kilo-omu 6 kwenye nyuzi 38. Nyingine huanzia kilo-omu 30, kwa hiyo soma kitabu kabla ya kuhukumu. Kinga ya joto kali yenye kitufe hurudishwa kwa kubonyeza baada ya maji kupoa, na ikikata tena, usiendelee kubonyeza. Tafuta kinachobana maji.

Elementi zinapokufa kweli, mara nyingi zimeuawa na maji. pH ikae kati ya 7.2 na 7.8. Ikiwa chini, chuma huliwa. Ikiwa juu na maji yana chokaa nyingi, tabaka gumu hujijenga juu ya elementi, joto linashindwa kutoka, na koili ya ndani huungua.

Siku ya pili, umeme ukiwa umezimwa, nati zote mbili zilijaribiwa tena kwa spana mbili, kwani shaba mpya hujikalisha baada ya kupata moto na kupoa mara ya kwanza. Yunioni zilipanguswa kwa karatasi kavu kuona kama kuna unyevu. Ile hita ya zamani ilikaushwa, ikapewa oringi mpya mbili, ikaandikwa "17.8" kwa kalamu ya wino mzito na kuwekwa rafuni kama akiba. Kabla ya kufungwa siku moja, ipimwe tena kwa volti 500, maana elementi iliyokaa muda mrefu nje ya maji hunyonya unyevu wa hewani kupitia miisho yake.